Dola Zangu kwa Wallet ya Marehemu Oduor

Wee! Nimewahi kutuma meseji ya mapenzi kwa pastor, lakini hii ya jana imenimaliza.

Dola mia nne na kumi. Miezi mitano nikisikiliza wazungu kwa earphone na kuandika kila neno wanasema, wananilipa na hizo dola za mtandao, USDT. Jana nilikuwa Kondele kwa duka ya Oduor, anauza makava za simu. Yeye ndiye hununua dola zangu, ananirushia shilingi. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimenipea hadi saa kumi jioni. Nisipolipa, nafasi yangu inaenda kwa mtu mwingine.

Nikachagua "Oduor Dola". Tuma. Ikaenda.

"Oduor, imeingia?"

"Bado."

"Angalia vizuri bwana!"

"Nanyama, naangalia na macho mbili. Hakuna kitu."

Nikafungua simu tena. Yesu! Mimi ni mtu wa Bungoma, na hapa Kisumu kila kijana alizaliwa usiku wa manane ni Oduor. Kwa simu yangu wako saba. Kwa wallet, ile app ya dola, wako wawili: Oduor Dola, na Oduor Dola Kondele. Pesa ya kawaida ya simu ingenionyesha jina kamili kwanza, nishtuke mapema. Hii inameza tu na kunyamaza.

"Nimetumia yule wa Otonglo, mwenye nilikuwa namuuzia mwaka jana. Nipe namba yake arudishe."

Oduor akaweka kava chini polepole. "Yawa. Huyo tulimzika Februari."

"Acha jokes."

"Nilibeba sanduku na hii bega."

"Sasa nareverse aje?"

"Hakuna reverse. Hiyo kitu haina ofisi, haina customer care. Kama bibi yake ako na yale maneno kumi na mbili ya kufungua wallet, umepona. Kama hana, hata marehemu afufuke leo na aseme ameyasahau, ni bure."

Boda. Otonglo. Bibi ya marehemu, Mama Lorine, anauza nyanya kando ya barabara.

"Mama, pole kwa msiba. Na samahani. Nimetumia mzee pesa."

"Mzee gani?"

"Wako."

Akaniangalia kama nyoka ametoka kwa nyanya. "Nyathina, mtoto wangu, umetuma pesa kaburini?"

Mama wa kabichi hapo kando akacheka mpaka akashika mti wa kibanda.

"Simu yake iko wapi, Mama?"

"Iliibiwa hapo hapo matangani, watu wakiimba."

Nilitaka kulia. "Hakuacha karatasi? Maneno ya Kizungu, kumi na mbili?"

Mkono yake ikabaki hewani na nyanya. "Goat, ladder, window... Hiyo si ni spelling ya Lorine?"

Alikimbia! Mama mzima na leso, mbio hadi kwa nyumba, akarudi na Biblia. Nyuma ya jalada, biro ya bluu, maneno kumi na mbili.

"Aliniambia nyumba ikishika moto nitoe Biblia kwanza, hata kabla ya godoro. Nikashukuru Mungu, nikajua mzee ameokoka."

Nikayaandika kwa simu yangu, lakini neno la tisa lilikuwa limelowa maji, halisomeki. Nikakisia moja, ikakataa. Nikajaribu ingine, ikakataa. Saa tisa na robo. Ya tatu, wallet ikafunguka.

Dola elfu saba, mia nane sitini na mbili.

Nikasoma tena. Yangu ni mia nne na kumi tu. Mama Lorine alikuwa anaangalia uso yangu, si simu. Ningesema tu, "Imepatikana, asante," na niende zangu. Nakubali, hiyo mawazo ilipita. Na haikupita mbio.

"Mama, kaa chini."

"Yako haiko?"

"Yangu iko. Na yako iko. Karibu shilingi milioni moja."

Alikaa, tena juu ya nyanya. "Oduor! Huyu mwanaume alitulisha omena bila kitunguu, eti hana kitu!"

Nikatuma yangu kwa Oduor Dola Kondele, jina nimesoma mara tatu. Akanirushia shilingi, na saa tisa na dakika arobaini na tisa nikalipa chuo. Nafasi ni yangu.

Kugeuka, Mama Lorine amepiga magoti kwa vumbi, nyanya imempaka leso yote, anafungua Biblia ukurasa kwa ukurasa kuanzia Mwanzo.

"Nyathina, nisaidie na macho. Pengine ameandika na huku."