Mashahidi wa Perrenelle

Nizwa nzima, huku Omani, hakuna aliyeshikwa na Ufaransa kama Bi Thuraya, mwanamke wa miaka sabini ambaye Paris hajaiona hata kwenye kalenda. Mjukuu wake Aseel alimwomba amshonee bendera tu. Chama chao cha chuoni kilikuwa kinaandaa maonyesho ya Ufaransa ya zamani, na kila mshiriki achague jina lililotumika huko miaka mia saba nyuma, na ngao yenye nembo yake, kisha kamati ikubali ipige muhuri. Bibi kusikia muhuri, sindano ikamwanguka. Akasema na yeye anataka.

Msimcheke. Bi Thuraya alikuja kutoka Unguja msichana mbichi, na ofisi ya uraia wakamwambia jina la kabila lake haliandikwi mpaka mashahidi wawili wamtambue. Mmoja alipatikana. Wa pili, Bwana Badar, jirani yao wa mtaa wa Malindi kule Unguja, aliyekula kwa babu yake mara ngapi sijui, alipoulizwa akasema hamjui. Karatasi zake mwenyewe zilikuwa bado, akaogopa. Basi mpaka leo jina la Bi Thuraya kwenye pasi linaishia kwa babu, mfano wa kanzu iliyokatwa mkono. Miaka hamsini anataka mtu mmoja tu aliyekaa nyuma ya meza amwambie, naam, wewe ni fulani.

Wiki mbili alikosa raha kwa kuchagua. Jehanne aliliona la kila mtu, Ermengarde likamshinda mdomoni. Akaangukia Perrenelle, Perrenelle de Caen. Nembo ndiyo iliyozua rabsha. Wenzake walichora simba na mayungiyungi. Yeye akachora mbuzi ya kukunia nazi, rangi ya fedha juu ya nyekundu. Aseel akamwambia Wafaransa wale hawakuwa na nazi. Akajibiwa kwamba wangekuwa nazo wangekula vizuri.

Na kwa kuwa yeye anajua jina haliendi mbele ya watu peke yake, akatafuta mashahidi wawili: shoga yake Fakhriya na, makusudi kabisa, Bwana Badar yule yule.

Maalim Yaqoob, mwenyekiti wa kamati, alikuwa na kazi mbili tu: kutazama kama jina limo kitabuni na kama nembo haina mwenyewe. Kabla hajafungua kitabu Bi Fakhriya keshasimama, anashuhudia kwamba ukoo wa de Caen anaujua, watu wa heshima, wapishi. Bwana Badar, miaka themanini na tano, akaegemea bakora na kusema yeye alikuwa akimwona mkubwa wao akipita juu ya farasi, kavaa chuma mwili mzima katika joto lile, na jasho hatoki. Aseel akajifunika uso kwa shela. Maalim akawaeleza kwa adabu kwamba hapa mashahidi hawatakiwi, mtu huchagua tu. Wazee wakamwonea huruma, kijana wa watu hajui kazi. Badar akachovya kidole gumba kwenye wino wa muhuri akatia alama yake chini ya jina, asiombwe na mtu.

Muhuri ukapigwa. Dakika nne, khalas.

Hapo Bi Thuraya akatoa karatasi ya pili mkobani. Lilikuwa ombi la jina lake la kweli, la kabila, limejazwa lote ila pahala pa shahidi wa pili. Akamwekea Badar mbele yake, kidole kingali na wino.

"Na hii, Bwana Badar."

Mzee akaisoma mpaka mwisho. Macho yalimjaa maji alipofika kwenye jina la babu. Kisha akakifuta kidole kwenye kanzu yake nyeupe.

"Hii ya kweli, Thuraya," akasema. "Wakiniuliza kwa nini mara ya kwanza nilikukana, nitawajibu nini?"

Akashika bakora yake akatoka. Maalim Yaqoob, asiyeelewa hata moja, akampongeza Bibi de Caen na kumkaribisha chamani. Bi Thuraya akarudi nyumbani Mfaransa kamili, analia njia nzima.