Foleni ya Kituo cha Mlimani

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, karani wa idara ya usafiri alipanda mlimani na fomu, kalamu mbili na mwavuli. Tramu ya mji ilikuwa imesimama miaka ishirini na sita, na sasa wakubwa walitaka kuirudisha. Mezani pao palikuwa na mapendekezo matatu: ipande hadi mlimani kama zamani, iishie sokoni, au izunguke katikati ya mji tu. Uamuzi ungetegemea idadi ya abiria watakaokutwa wakisubiri kwenye vituo vya zamani.

Kituo cha mlimani kilikuwa na abiria arobaini na wawili. Arobaini na mmoja kati yao walikuwa marehemu. Walipanga foleni moja iliyonyooka, nguo zimepigwa pasi, kila mmoja na tiketi yake mkononi. Aliyebaki alikuwa mama yake karani, ambaye alikuwa hai. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mbele ya wote, kwa sababu katika kituo kile mgonjwa ndiye hupewa benchi. Miguu ilikuwa imemvimba, na kliniki ilikuwa chini mjini, ngazi mia nne na kumi na mbili.

"Umekunywa chai?" mama aliuliza.

"Nimekunywa, mama."

"Muongo. Midomo mikavu hiyo."

Marehemu fundi cherehani, aliyesimama nyuma ya benchi, alimshauri karani atumie mwandiko mkubwa, maana watu wa ofisini hawaoni kitu kisichowakwaruza macho. Karani alitabasamu, akaandika 42.

Mhandisi mkuu, ambaye ofisini walimwita Rula kwa jinsi alivyopenda mistari, aliisoma fomu polepole. Hakuwa na neno na marehemu. Mjomba wake mwenyewe alikuwa katika foleni ile, wa kumi na saba. Tatizo lilikuwa utaratibu. Alieleza kwa upole kwamba watu wale walishahesabiwa zamani, walipokuwa hai, na idara haihesabu abiria mmoja mara mbili.

"Sasa mlimani niandike wangapi, bosi?"

"Andika aliyebaki."

"Ni mama yangu."

"Basi msalimie sana."

Karani alifuta arobaini na mbili, akaandika moja. Alikuwa mtu wa haya. Maneno aliyotaka kusema yalimjia akiwa ameshafika kwenye korido, na huko hakukuwa na mtu wa kuambiwa.

Likapita pendekezo la tatu. Tramu mpya, ya rangi ya maziwa, ikaanza kuzunguka: ofisi, benki, hoteli, ofisi. Kengele yake ilisikika hadi mlimani. Kila ilipolia, foleni nzima ilisogea hatua moja mbele, ikangoja, kisha ikarudi.

Mama alizishuka ngazi kwenda kliniki mara tatu. Mara ya nne aliketi kupumzika kwenye ngazi ya mia mbili na tisa, akafia hapo. Alizikwa Alhamisi.

Jumatatu iliyofuata idara ilitaka hesabu ya pili, ya kuthibitisha kwamba uamuzi ulikuwa sahihi. Karani akapanda tena. Mama alikuwepo kituoni, amevaa gauni lake la bluu, miguu imerudi kuwa myembamba. Kwa kuwa hakuwa mgonjwa tena, alikuwa ameliacha benchi, akaenda kusimama mwisho wa foleni, nyuma ya mwanamke mwenye beseni.

Karani alitaka kuketi kwenye benchi kidogo. Fundi cherehani alimkumbusha kwa sauti ya chini kwamba pale ni pa mgonjwa. Akaomba radhi, akasogea.

"Umekunywa chai?" mama aliuliza kutoka mwisho wa foleni.

"Sijanywa."

"Haya. Leo umesema kweli."

Chini mjini kengele ililia. Foleni ikasogea hatua moja, ikangoja, ikarudi. Karani alichutama, akaiweka fomu juu ya goti, akaandika sifuri, kwa mwandiko mkubwa.