Maneno Membamba

Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni na hasira za siku nzima kifuani, na hakujua kipi kingemchoma kwanza.

"Mdogo wangu, nauliza kwa mara ya mwisho. Hiyo sketi niipunguze au nisiipunguze?"

"Usiipunguze," mdogo wake alijibu kutoka nyuma ya pazia, kwenye kile kijikona ambacho wateja hujaribia nguo. "Nitaibana na pini. Mwili utarudi."

Mwili utarudi! Tangu atoke hospitali wimbo ulikuwa huohuo. Aliugua karibu mwaka, akapona, daktari mwenyewe akamwambia nenda kazini. Kesho ndiyo siku ya kurudi kwenye meza ya mapokezi ya kampuni ya bima, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Lakini kila akiivaa sketi ya buluu ya kazini, inazunguka kiunoni mpaka zipu inakuja mbele, naye anaivua na kusema labda wiki ijayo. Kuipunguza hataki hata kusikia. Akiipunguza, anasema, ni kukubali kwamba yule wa zamani harudi tena. Na atakaa vipi pale mbele, kila anayeingia amwambie, "Lo, umekonda!"

Fundi alikuwa ameapa kwamba neno hilo halitatamkwa chumbani mwake. Wateja aliwakonyeza kuanzia mlangoni. Jirani mmoja aliyeanza, "Jamani, mbona ume..." alisukumiwa kiti na glasi ya maji kabla hajamaliza.

"Mama mkubwa!"

Na huyo sasa ndiye wa pili wa kumtoa roho. Binti wa mdogo wake, darasa la sita, waliyemwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa amekaa sakafuni juu ya mabaki ya vitambaa, kamusi mapajani.

"Mwalimu katuambia tuchukue neno 'thin' na yale yanayofanana nalo, kila moja tulitungie sentensi ya kuonyesha tumelielewa."

Katika maneno yote ya Kiingereza! Fundi alitupa jicho kwenye pazia, akashusha sauti. "Hakukuwa na neno jingine? Refu? Zuri?"

"Ni hilo tu. Nimeshamaliza. Sikiliza: 'The thread is thin.' Uzi ni mwembamba."

"Sawa."

"'The thread is slim. The thread is slender. The thread is skinny.'"

Fundi alitema pini kiganjani. Kiingereza chake alikiokota kwa wateja na kwenye lebo za nguo, lakini uzi wa namna hiyo hajapata kuuona. "Nani kakwambia uzi unasemwa hivyo?"

"Kamusi. Ona mwenyewe: embamba, embamba, embamba."

"Hapana. 'Slim' ni mtu, umbo limemkaa, unamsifu. 'Slender' ni sifa vilevile, ila ina maringo kidogo. 'Skinny' hapo umeshaanza kumsema mtu."

"Lakini si yote ni embamba?"

Walizunguka hapo hapo mpaka Fundi akahisi kichwa kinataka kupasuka. Akieleza, Kasuku anaitikia ndiyo, ndiyo, nimeelewa, halafu anaandika kwamba supu ni "skinny". Akafuta. Akaandika kwamba ukuta ni "slender". Na nyuma ya pazia pini ikaanguka, sauti ikasema, "Dada, labda kesho nisiende tu."

Hapo ndipo Fundi alipopandwa na mori.

"Wewe mtoto unanitakia nini? Haya, sikiliza kwa Kiswahili ulichozaliwa nacho! Nikisema fulani ni mwembamba, nimemtukana? Sijamtukana. Nikisema ana umbo la kupendeza, nimemsifu. Sasa nikisema kimbaumbau je? Nikisema kakauka kama ng'onda? Nikisema njiti, ufito, kabaki mifupa na ngozi, upepo ukipita ashikilie mlango? Ni sawasawa? Si yote ni embamba?"

Kasuku aliacha kuandika. Hakumtazama mama yake mkubwa, alitazama pazia.

Ndipo Fundi naye akayasikia aliyoyasema. Wiki nzima ya kukonyeza majirani, halafu maneno yote aliyoyafungia nje ameyamwaga yeye mwenyewe, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mnadani. Alijichukia mpaka akataka kulia.

Pazia likafunguka. Mdogo wake alisimama ameishika sketi kiunoni kwa mkono mmoja isidondoke. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Upepo ukipita ashikilie mlango," alirudia polepole. "Hilo umelitoa wapi, dada?"

"Nisamehe, mwenzangu. Sikukusema wewe."

"Ulinisema mimi." Mdomo ulimtetemeka, na Fundi hakujua ni kilio au kicheko mpaka kilipotoka. Kilikuwa kicheko, kibovu, chenye kikohozi ndani yake. "Wiki nzima mnaninong'onea kama tuko msibani. Basi yameshasemwa yote. Huko ofisini nani atapata neno baya kuliko hilo?"

"Lakini wewe si kimbaumbau, mama," Kasuku alidakia. "Wewe ni mwembamba tu. Mwembamba lakini mzima."

Mama yake aliipandisha sketi kiunoni. Kisha akamgeuzia dada yake mgongo.

"Ipunguze," alisema. "Mpaka inikae."

Fundi alipiga magoti na chaki. Pini moja aliichomeka mahali pasipohitaji pini. Nyuma yake kurasa za kamusi zilikuwa zinafunuliwa.

"Mama mkubwa, 'mzima' nayo ina maneno mengi. Kuna 'alive', yaani hajafa. Kuna 'healthy', haumwi. Kuna 'whole', kamili, hajapungua. Niandike lipi? Umesema maneno hayafanani."

Fundi alikuwa ameshika kitambaa kilichozidi, konzi nzima.

"Mtoto huyu atanimaliza," alisema, akijifuta macho kwa ncha ya utepe wa kupimia. "Andika yote matatu. Kwa huyu hapa yanafanana."