Makopo ya Masomo Yaliyodondoka

Mfagiaji alikuwa amefika dawati la tatu la darasa la saba, akivuta taka kutoka ukutani kuja katikati, kama afanyavyo kila siku ya shule saa kumi kasorobo. Aliinama, akachambua. Karatasi na maganda ya penseli yalikwenda kwenye debe. Masomo yaliyodondoka yalikwenda kwenye makopo.

Hesabu za sehemu zilikuwa tele karibu na mlango, kwa sababu kengele ikilia watoto hutoka mbio, na hesabu ndizo hukaa juujuu kichwani. Zilikuwa nyepesi kama maganda ya vitunguu. Majina ya mito yalikuwa chini ya dirisha, yana unyevunyevu. Masomo ya dini yalikuwa mazito, mfano wa kokwa, na yaliangukia hasa safu ya mbele, walikokaa wanaokariri haraka. Ukiweka somo sikioni, lilijisema lenyewe kwa sauti ya aliyelidondosha. Basi mfagiaji alisikiliza, akaandika jina kwenye kikaratasi, akatia ndani ya kopo la darasa, na asubuhi mwalimu aliwarudishia wenyewe kabla ya sala. Shule hiyo ya kanisa ilifanya hivyo tangu ilipojengwa.

Miaka kumi na minne alifagia hapo, na hamu ya kusikiliza haikumwisha. Yeye hakuwahi kukaa darasani. Kila alasiri alitaka kujua leo kimeanguka nini. Ijumaa moja darasa zima lilidondosha usanisinuru kwa pamoja, sakafu ikawa kijani, ikabidi aongeze sabuni.

Chini ya dawati la tatu hapakuwa na kitu. Lilikuwa la Chiriku, binti wa kaka yake, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kusema. Wiki mbili zilizopita kioo cha kanisa dogo la shule kilivunjwa kwa mpira. Aliyeupiga ni mtoto wa mwenyekiti wa bodi. Baraza la nidhamu liliamua kwamba ni Chiriku, likamsimamisha masomo. Mtihani wa mwisho ulikuwa Jumatatu, na asiyeufanya hurudia mwaka.

Mfagiaji alihamia chumba cha walimu. Chini ya kiti cha mwalimu wa dini aliona kokwa moja kubwa, nzima, bado ina joto. Akaiweka sikioni. Ilikuwa ile amri ya kutotoa ushahidi wa uongo, kwa sauti nzito ya mwalimu mwenyewe, ambaye alikuwa dirishani akisahihisha madaftari.

"Mwalimu, umedondosha kitu."

"Mimi? Kitu gani tena, mama?"

Mfagiaji alifungua kiganja. Mwalimu aliitazama kokwa kama mtu anayeoneshwa funguo zake.

"Alaa! Tangu siku ya baraza inanidondoka kila mara. Na kesho ndiyo nawafundisha darasa la saba. Ningeumbuka."

"Mwalimu, ulikuwa uwanjani. Ulimwona aliyepiga ule mpira."

"Uwanjani mtu anaona mengi." Akafunika kalamu. "Baba yake ndiye anayetia saini mikataba yetu. Nina watoto wanne, mama."

Mfagiaji aliiweka kokwa juu ya madaftari.

"Na wewe je?" mwalimu aliuliza, bila ukali. "Si ulikuwa unafuta vioo vya kanisa saa hiyohiyo? Baraza lilipokuuliza ulisemaje?"

"Nilisema sikuona. Nilikuwa nimeinama, nakamua kitambaa."

"Ulikuwa umeinama?"

"Kitambaa nilikikamua kweli."

"Haya basi," alisema mwalimu, na wote wawili wakacheka kidogo, kama watu wanaopishana mlangoni.

Mwalimu aliitia kokwa mfukoni mwa shati. Mfagiaji hajafika kwenye korido akaisikia ikigonga sakafu. Alirudi, akaiokota, akaitia kwenye kopo la walimu.

Chiriku alikuwa stoo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Baraza lilimkataza kuingia darasani, stoo haikutajwa. Kila alasiri alisikiliza vilivyoanguka na kuviandika kwenye daftari, na kwa upande wa hesabu alikuwa amewapita wenzake.

"Shikamoo, shangazi. Leo wamesoma nini?"

"Marahaba. Hesabu zipo, jipakulie."

"Hawa watu kichwani wanabaki na nini?"

"Njaa."

Chiriku alicheka, akaweka hesabu mbili masikioni, moja kila upande. Kisha akauliza kama Jumatatu atafanya mtihani.

"Sijui, mwanangu."

"Si kuna mtu aliona? Uwanja wote ule, akose hata mmoja?"

Mfagiaji alifunga mfuko wa taka. Penseli ya Chiriku ilibiringika hadi chini ya kigoda cha shangazi yake, naye alipoifuata alirudi na kokwa ndogo iliyojaa vumbi.

"Hii uliisahau. Ina vumbi la kama wiki mbili." Akaiweka sikioni, akakaa nayo muda mrefu. "Shangazi, hii ina sauti yako."

Mfagiaji alifunga mfuko mara ya pili.

"Ni ile ya ushahidi wa uongo," alisema Chiriku. "Haikosei hata neno. Uliisomea wapi?"

"Dirishani. Nikifuta vioo nasikia."

Chiriku aliisogeza kwenye mwanga. Aliifuta vumbi kwa upindo wa sketi, akaandika kwenye kikaratasi "Shangazi," kama utaratibu ulivyo, akatazama makopo. La saba, la nane, la tisa, la walimu.

"Niitie wapi?"

"Nipe mwenyewe."

Mfagiaji aliitia kwenye mfuko wa aproni yake. Mfuko haukuwa na tundu.

Lilibaki darasa la nane. Njiani, mlango wa mwalimu mkuu ulikuwa wazi, naye alikuwa akibandika ukutani orodha ya watahiniwa wa Jumatatu. Mfagiaji alisimama hapo na ufagio wake.

"Kuna jambo, mama?"

"Hakuna, mwalimu mkuu. Darasa la nane nitalimalizia kesho."

"Haina shida. Nenda kapumzike."

Aliegemeza ufagio kwenye mlango wa darasa la nane ili ajue pa kuanzia, akageuka kwenda kumchukua Chiriku. Nyuma yake kitu kidogo kilianguka sakafuni, kikabiringika hadi ukutani. Alikisikia. Korido nayo angeifagia kesho.