Ngamia na Kiti Chake cha Nyuma

Siku daktari wa mgongo aliposema mke wangu anaweza kupanda pikipiki tena, nilimkumbatia daktari. Alikuwa bado ameshika ile picha ya uti wa mgongo, ikakunjika pembeni, na mke wangu akaomba msamaha kwa niaba yangu.

"Ila asitingishwe," daktari akasema, akiinyoosha picha yake. "Safari ndefu si tatizo. Tatizo ni mtikiso. Pikipiki yenu ikoje?"

"Nzuri sana," nikajibu.

"Ya zamani," mke wangu akajibu.

Sote wawili tulisema kweli. Pikipiki yetu ni ile ndefu ya safari, yenye tangi kubwa na masanduku mawili ya bati ubavuni, na imetimiza miaka kumi na tisa. Tunaiita Ngamia, kwa urefu wake na kwa jinsi anavyoguna akipakiwa. Mimi ni mtengeneza miwani. Kutwa nzima nimeinama nikikata vioo, kwa hiyo likizo ikikaribia miguu huniwasha. Mke wangu ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na hata nyumbani namwita Mwalimu, maana akiwa na jambo lake kichwani jina jingine halisikii. Miaka yote hiyo mimi mbele, yeye nyuma, na tunaongea kwa mkono wake. Akinigonga begani mara moja, nipunguze mwendo. Akinifinya, nitazame kando, kuna kitu kizuri. Akigonga mara mbili, ameshakaa, twende. Vile vifaa vya kuongelea ndani ya helmeti hatukuvinunua. Mwalimu anasema kazini anaongea na watoto mia sita, barabarani aachwe apumzike.

Zilikuwa zimebaki wiki nne akabidhi funguo za shule na kustaafu. Asubuhi yake tungeondoka kwenda kwenye ziwa la kule juu milimani, siku nne kwenda na siku nne kurudi. Safari hiyo tulikuwa tumeiahirisha mara mbili kwa ajili ya mgongo wake, na nilijua tukiahirisha ya tatu basi. Watu hawasemi "tumeacha". Wanasema "mwakani", na mwakani haifiki. Nami bila Mwalimu siendi popote, hilo nilishaliapia.

Kwa hiyo swali likawa moja: Ngamia abaki, au tumtafutie mrithi?

"Baba, hiyo si pikipiki, ni mgonjwa wa kudumu," binti yetu akasema kwenye simu. "Siku hizi kuna zenye kompyuta. Zinahisi shimo kabla hujalifikia."

"Hata mimi nahisi shimo kabla sijalifikia. Nina macho."

"Ya miwani," akasema, akacheka mpaka nikakata simu.

Nilikasirika kweli. Ngamia hajawahi kutulaza njiani hata siku moja, na mtoto niliyembeba kwenye tangi lake hilohilo leo anamwita mgonjwa! Hata hivyo Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni mwa duka la pikipiki, helmeti mkononi, na mlango wenyewe ulikuwa haujafunguliwa. Mwalimu alisimama pembeni akinitazama kama anavyowatazama watoto wa darasa la kwanza siku ya kupewa daftari.

Jamani, ile pikipiki! Ya rangi ya majani makavu, skrini pana kama kitabu, kiti cha nyuma kimenenepa kama kochi la sebuleni. Mwuzaji akabonyeza kitufe kimoja, taa zikawaka moja baada ya nyingine, na mimi mtu mzima nikajikuta nimefunika mdomo kwa mkono. Mwuzaji mwenyewe alikuwa mchangamfu, wale watu wa kushikashika. Anakupa mkono, anakushika kiwiko, anakupapasa mgongo kana kwamba mlinyonya ziwa moja.

"Chukua ukaijaribu, mzee wangu. Na mama apande, aone raha."

Nikapanda. Injini ilinong'ona tu. Nyuma yangu nikahisi kiti kinabonyea kidogo, kisha mbili begani, nzito na za furaha. Nikaachia klachi.

Nilivyokwenda siku ile siwezi kuhadithia nikaamini mwenyewe. Nilitafuta mashimo makusudi. Nilipita juu ya matuta ya kituo cha mafuta kinachotazamana na duka mara mbili, nikazunguka mzunguko wa barabara kuu mara tatu kwa uchu tu. "Mwalimu!" nikapiga kelele. "Umeona lile tuta? Mimi sijaliona!" Kimya. Nikajua ameduwaa. Nikaendelea kumwambia ziwa sasa letu, nikamwambia tutafika mapema mpaka maji yashangae. Halafu, kwa vile nilikuwa nimelewa furaha, nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kulisema: zile wiki sita alizolala kitandani nilikuwa nikishuka gereji, nakaa juu ya Ngamia, nalia. Nikapeleka mkono nyuma nimguse goti.

Nikashika hewa.

Nilisimama kando ya barabara, nikageuka kutazama lami yote niliyoipita, nikitafuta mtu aliyelala. Simu ikalia mfukoni.

"Uko wapi?" Mwalimu akauliza.

"Wewe uko wapi?"

"Dukani. Nimekalia kiti cha plastiki. Wameniletea maji."

Nilirudi polepole kuliko nilivyowahi kwenda maishani. Mwuzaji alikuwa amesimama mlangoni kichwa amekishika. Kumbe yeye ndiye aliyebonyeza kiti kunionyesha kinavyonesa, na yeye ndiye aliyenipiga begani mara mbili, kunitakia safari njema. Angejuaje, maskini? Kwa watu wengine wote duniani, mbili begani si chochote.

"Dakika ishirini sikusema neno," Mwalimu akasema, "na wewe hukuona ajabu?"

"Niliona umeipenda."

Akacheka, na duka zima likacheka naye, mwuzaji akiwa wa mwisho. Lakini tulipotoka nje kwenye maegesho akaacha kucheka.

"Nikuambie kweli. Sikuwa nimechelewa kupanda. Niliinua mguu, ile siti iko juu mno, mgongo ukakataa. Nikarudi nyuma hatua mbili. Nilikuwa natafuta maneno ya kukuambia uende ziwani peke yako."

Nilitaka kusema kitu, akaniwekea kidole mdomoni.

"Kisha ukaondoka peke yako kweli. Nikakuona unavyoruka matuta pale kituoni, unapayuka kama kasuku, na nyuma hakuna mtu. Nikaona wivu, mume wangu. Wivu mkali kama wa msichana. Nikasema sibaki nyumbani hata iweje. Tafuta njia."

Alipokwisha kusema vile, ile pikipiki mpya na kompyuta yake ikanitoka akilini palepale. Nilimpakiza kwenye teksi, nami nikampanda Ngamia, aliyekuwa ameegeshwa palepale nje, nikampeleka mbio kwa fundi wetu.

Fundi ni mwanamke mfupi wa maneno machache, miwani yake nilimtengenezea mwenyewe, ya kioo kinene kisichokwaruzwa na cheche. Alimzunguka Ngamia mara moja. Alikalia kiti cha mbele, akashuka. Alikalia kiti cha nyuma, akajirusharusha, akakunja uso.

"Oili?" akauliza.

"Kila baada ya miezi mitatu."

"Cheni? Breki? Tairi?"

"Mpya, mpya, mpya." Nilijibu kwa majivuno. Hakuna mtu anayemtunza Ngamia kunishinda.

"Shokapu ya nyuma?"

Hiyo, ya kumeza mitikiso, nilikuwa naiosha tu.

"Panda," akasema, akiwasha injini. "Hapana, si mbele. Mbele nakaa mimi."

Nyuma ya karakana yake kuna njia ya kokoto inayokwenda kwenye ghala la saruji, imechimbwa na malori. Miaka kumi na tisa ya Ngamia, kiti kile cha nyuma sikuwahi kukikalia. Tuta la kwanza lilinipiga kutoka makalioni mpaka kwenye meno. La pili nikaita mama. Fundi hakupunguza mwendo, na cha ajabu, mabega yake pale mbele yalikuwa yametulia tuli, kama mtu anayeendesha sebuleni. Kufika ghalani nilishuka nimeshika kiuno kwa mikono miwili.

"Hii shokapu imekufa miaka mingi," akasema, akipangusa miwani. "Wewe mbele huwezi kujua. Mgongo wa mkeo ndio uliokuwa shokapu."

Mimi niliyehesabu kila tone la oili, niliyemwosha Ngamia kwa mswaki! Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikamkuta Mwalimu mezani akipanga ripoti zake za mwisho za shule, nikamsimulia yote bila kujitetea hata neno moja. Nikamwomba radhi. Machozi yalinitoka, wala sikuyaficha.

"Nilikuwa nikikugonga," akasema kwa upole. "Mara moja, mara moja, mara moja. Nawe ulikuwa unapunguza mwendo, Mungu anakuona. Ila hukuwahi kuuliza kwa nini."

"Na wewe hukusema."

"Sikusema. Niliogopa nikisema utauza Ngamia. Nikaona heri mgongo." Akasukuma ripoti pembeni. "Tumefanana ujinga. Haya, fundi anasemaje?"

Fundi alisema anahitaji siku kumi, na alihitaji tupimwe. Springi ya shokapu mpya huchaguliwa kwa uzito wa wanaopanda, si kwa kubahatisha, kwa hiyo alitupeleka wote wawili kwenye mizani ya ghala la saruji, tumevaa helmeti na buti, masanduku yamejaa kama tunaondoka leo. Mwalimu alikataa kabisa mimi nisome namba yake. Fundi aliandika kwenye kiganja, akafumba ngumi, na mpaka leo siri hiyo wanaijua wao wawili na mpima saruji.

Siku kumi zile nilikuwa mtu wa kufungwa kamba. Kila nikifunga duka langu la miwani napita karakana. Shokapu mpya ilipofika niliibeba mwenyewe toka kwenye boksi, nzito, inang'aa, nikamwonyesha hata mteja aliyekuja kutengenezewa kiatu cha breki. Kiti cha nyuma kilichanwa, kikajazwa sponji ngumu chini na laini juu, na Mwalimu akakikalia mara nne kabla ya kukubali kishonwe. Vikanyagio vya nyuma vilishushwa vidole vinne ili apande bila kuinua mguu juu. Injini hatukuigusa. Binti yetu alipoona picha akaandika: "Mgonjwa amepona." Nikamsamehe.

Asubuhi ya safari ilikuwa na jua changa. Funguo za shule Mwalimu alikuwa amezikabidhi jana yake, na mkononi alishika glavu tu. Alikanyaga kikanyagio, akapanda taratibu, pumzi moja. Ngamia akazama kidogo, akaguna. Nikangoja. Mbili begani.

Nikageuka nyuma kutazama.

"Unatazama nini?"

"Nahakikisha si mwuzaji."

Akanipiga ya tatu, ya helmeti, tukaondoka.

Lami iliisha kabla ya saa sita. Mbele ikafunguka barabara ya mawe, ileile ya kuelekea milimani tuliyokuwa tukiiogopa kwa ajili ya mgongo wake. Nikaiingia huku bega langu lote likisubiri. Tuta la kwanza likapita. La pili. Makorongo matatu yakafuatana, na mimi nimebana meno, nangoja ile moja ya kusema punguza. Haikuja. Badala yake akanifinya, kwa nguvu.

Nikatazama kulia: ukuta wa udongo mwekundu. Kushoto: mahindi yaliyokauka na gari bovu lisilo na milango. Nikasimama, nikafungua kioo cha helmeti.

"Wapi? Sioni kitu."

Mwalimu alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, uso umelowa machozi na anacheka.

"Hakuna cha kuona," akasema. "Ni mgongo. Umenyamaza."

Nikashindwa kuachia klachi mpaka aliponigonga mara mbili.