Bi Mwajabu Abeba Gharama

Jana usiku Bi Mwajabu aliota ameitwa ofisi ya maji akabebe gharama.

Mchana wa siku hiyo gari la matangazo lilikuwa limepita mtaani: maji safi na majitaka sasa yako chini ya ofisi moja, mabomba yote yatafumuliwa, na gharama za mageuzi hayo zitabebwa na wateja. Bi Mwajabu alisikia, akaendelea kuchambua mchele wa mlo wa mtu mmoja. Mumewe alikwisha kufariki, na wanawe walihamia mbali.

Katika ndoto, wateja wamepanga foleni. Dirishani ameketi mita ya maji, amevaa tai.

"Mteja, geuka," anasema. "Mgongo."

Bi Mwajabu akageuka. Akapachikwa mgongoni kitu kizito, cha baridi, kikamkumbatia shingo.

"Wewe nani?"

"Mimi gharama. Wamesema utanibeba."

"Mpaka lini?"

"Hawakusema."

Mwanamume aliyemfuata alipewa tatu, kwa sababu ana choo cha ndani. Zikaanza kugombana hapo hapo mgongoni kwake.

Bi Mwajabu anafungua mlango atoke barabarani, anajikuta ndani ya bomba kuu. Anatembea ameinama, maji yanamfika vifundoni.

"Hapa mbona panavuja?" gharama inauliza.

"Bomba bovu."

"Na pale?"

"Bovu vile vile."

"Kumbe ndiyo maana nikazaliwa." Ikafikiri kidogo. "Nyumbani kwako kuna nani?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Mimi tu."

Gharama ikalaza shavu kati ya mabega yake. Bi Mwajabu hakukumbuka ni lini aliguswa na mtu mara ya mwisho. Akaanza kuibembeleza kwa kuimba, huku anatembea.

Bomba likaishia jikoni kwake. Mita amekaa kwenye kigoda, tai imelowa.

"Kumetokea kosa, mama. Wajane wamesamehewa. Ishushe."

"Kwani nimelalamika?"

"Hapana. Lakini ni haki yako."

"Imelala," Bi Mwajabu akanong'ona. "Utaiamsha."

"Mama, hii itakua. Kila mwaka itaongezeka uzito."

"Hata wangu walikua."

Mita akazungusha namba zake, akaondoka.

Bi Mwajabu aliamka alfajiri, kitandani peke yake. Gauni lake la kulalia lilikuwa limelowa mgongoni, linanuka dawa ya maji. Alikuwa bado analipapasa aliposikia hodi. Ni Mama Shekue, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye siku zote alipungiana naye mikono tu kwa mbali.

"Shikamoo, Bi Mwajabu. Umepata mgeni? Maana mtoto amelia kwako usiku kucha."

Bi Mwajabu akatega sikio nyuma yake, ndani ya nyumba. Kimya.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akifungua mlango upesi kabla mwenzake hajaaga. "Karibu, karibu ndani, nibandike chai. Ila tuongee kwa sauti ya chini."