Njugu Mbili za Mwisho

Nyekundu nyingine ilitoka ndooni, na Editha, aliyekuwa amekaa juu ya gunia lake mwishoni mwa foleni, akashusha pumzi.

Ndoo ilifunikwa kanga. Kila mchuuzi aliingiza mkono chini ya kanga, akatoa punje moja ya njugu mawe na kuondoka nayo, haikurudishwa. Nyekundu ni kizimba chini ya paa jipya la soko, nyeupe ni nje, juani. Wachuuzi ishirini, nyekundu nane tu. Asubuhi watu walisukumana kutaka kuchota kwanza, kana kwamba bahati ni uji utakaopoa. Bartolomayo, mwenyekiti wa soko, alijitahidi kuwaeleza kwamba kabla ndoo haijaguswa, wa kwanza na wa mwisho wana nafasi ileile. Nani amsikilize? Editha hakusukumana, wala si kwa busara. Miguu ilikuwa imemkataa.

Alichoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa siku hiyo. Aliuza njugu na mlenda mkavu uliotwangwa, na upepo wa Dodoma hauna adabu: ukipita mezani unaondoka na unga wa kijani ambao mtu amechuma majani yake, akayaanika, akayatwanga. Miaka yote yeye aliuza nusu, upepo ukala nusu. Akikosa paa safari hii, alikwisha kumwambia mumewe, anarudi Chamwino kulima, ingawa mgongo wake haukuwa tena wa jembe.

Basi akawa anafuatilia. Ikitoka nyeupe, matumaini yalipanda kidogo. Ikitoka nyekundu, yalishuka. Nyeupe zilipofuatana, akajikuta amesimama. Aliona aibu kufurahia nyuso za wenzake zilizonuna, lakini alifurahi.

Mwishowe wakabaki wawili: yeye na Mwajabu wa Kondoa, muuza njugu mwenzake, ambaye waligawana naye turubai moja tangu watoto wao wananyonya. Ndooni zilibaki punje mbili, moja nyekundu, moja nyeupe.

"Tangulia, mdogo wangu," Mwajabu alisema. "Sasa ni nusu kwa nusu. Atakayepewa na Mungu, kapewa."

Editha akaingiza mkono. Kidole kikagusa punje moja, laini, nzima. Kikagusa ya pili, kikakuta tundu.

Akaganda. Asubuhi ile Bartolomayo alipopita akiomba njugu za kupigia kura, nyeupe alipewa na Mwajabu, nyekundu na Editha. Mwajabu alichota tu kutoka kwenye gunia lake zuri. Editha, kwa mazoea ya muuzaji asiyetoa bure kinachouzika, alimchagulia zilizobunguliwa na wadudu. Hakuwa na hila yoyote, hata alishasahau. Sasa tundu lilikuwa chini ya ncha ya kidole chake, na ile nusu kwa nusu haikuwepo tena.

"Vipi, mama, imekwama?" Bartolomayo akauliza.

Alifikiria kuitoa ile laini. Kwa kweli alifikiria. Aliwaza kikohozi cha Mwajabu wakati wa vumbi, na namna anavyokificha kwenye upindo wa mtandio ili wateja wasikimbie. Halafu akawaza jembe. Uchovu ukamjaa mpaka mkononi, akatoa yenye tundu.

Watu wakapiga makofi. Mwajabu akamkumbatia, akampa hongera ya moyoni kabisa, jambo lililomuumiza Editha kuliko kama angenuna. Bartolomayo akaanza kuikunja kanga, maana iliyobaki kila mtu aliijua.

"Ngoja, Mwenyekiti," Mwajabu akasema. "Na mimi nichote. Kila mtu kachota."

Kanga ikarudishwa. Mwajabu akaingiza mkono, akakaa nao humo muda mrefu, akiuzungusha taratibu kwenye kitako cha ndoo kana kwamba bado zimo mbili, uso ameugeuzia pembeni ili asionekane anachungulia. Editha alisimama kando yake, ngumi ameikunja juu ya njugu yake nyekundu, kidole gumba kimeziba tundu.